Tumehamia nyumba mpya, wiki ya 3 sasa: mkubwa halali, karudia kujikojolea, mdogo anaamka usiku kucha

MamaKadogo:
Wadau, naomba msaada wa vitendo. Watoto ni wawili, wa miaka 3 na nusu na wa miezi 14. Tulikotoka kila mmoja alikuwa na pake pa kulala, huku wanalala chumba kimoja. Hali ilivyo:

Mkubwa anapelekwa kitandani saa 2 usiku, anapata usingizi saa 4. Asubuhi anaamka saa 2. Mchana analala saa 10 hadi saa 12 jioni kwa sababu anakuwa hoi. Alikuwa ameacha kujikojolea miezi 8 iliyopita, sasa ni mara 2 au 3 kwa siku, na usiku pia.

Mdogo analala mara mbili mchana, saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Usiku ananyonya sebuleni akilala, kisha namhamishia kitandani kwake. Anaamka mara 3 au 4 akilia. Mchana ameng'ang'ania mguu wangu, hata chooni siendi peke yangu.

Nyumba hii ina ngazi ndani na hita ya maji, vitu ambavyo hatukuwa navyo. Nianze na kipi? Na je, huu ndio wakati wa kumwachisha mdogo nyonyo ya plastiki na kumhamishia mkubwa kitanda kikubwa? Maana kila kitu kimeshavurugika, naona bora tumalize yote kwa mpigo.

Mlezi wa Zamu:
Dada, nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo la hatari: usimalize chochote kwa mpigo. Nyonyo, kitanda kipya, kuachisha ziwa, mdogo kuhama kutoka usingizi wa mchana mara mbili kwenda mara moja, vyote vikae pembeni wiki 4 hadi 6. Si kwamba watashindwa. Shida ni kwamba ukibadili matatu pamoja na mtoto akavurugika, hutajua ni lipi limemvuruga, na utaishia kuyarudisha yote nyuma.

Sasa piga hesabu ya mkubwa. Saa 4 usiku hadi saa 2 asubuhi ni saa 10. Ongeza 2 za jioni, jumla 12. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku nzima, pamoja na za mchana. Kwa hiyo si kwamba mtoto wako analala kidogo. Analala vya kutosha, ila saa zake zimesogea mbele. Hii inabadilisha dawa yote: kumpeleka kitandani saa 2 usiku wakati ameamka usingizini saa 12 jioni ni kumlaza mtu asiye na usingizi, na hizo saa mbili za kuvutana zinamfundisha kuwa kitandani ni mahali pa kuvutana.

Anzia asubuhi, usianzie usiku. Usiku huwezi kumlazimisha mtu asinzie, lakini asubuhi unaweza kumwamsha. Mwamshe saa 1 kila siku, hata siku za mapumziko, fungua mapazia papo hapo na mtoe nje au mkae karibu na dirisha dakika 20 au 30. Mwanga wa asubuhi ndio unaoirudisha saa ya mwili nyuma. Taa ya ndani ni hafifu mno ukiilinganisha na anga, hata siku ya mawingu.

Usingizi wa mchana uanze saa 7, na umwamshe ikitimu saa 8. Siku 3 za mwanzo atakuwa mkali jioni. Hapo ndipo wengi wanashindwa: wanamwacha asinzie kidogo saa 11, na usiku unarudi palepale. Saa hiyo mweke kwenye maji au mtoe nje. Usimweke kwenye kochi, wala usimbebe mgongoni.

Usiku, kwa muda, mpeleke kitandani saa 3:30, si saa 2. Ndiyo, nimesema mcheleweshe. Unataka alale ndani ya dakika 15 au 20 baada ya kuzima taa. Akifanya hivyo siku 3 mfululizo, rudisha nyuma robo saa: 3:15, halafu 3:00, hivyohivyo hadi 2:15. Ni hatua 5, siku kama 15. Ukiona kwenye hatua fulani anachukua dakika 40, rudi hatua moja nyuma na ukae hapo siku 3 zaidi. Ukiruka nusu saa kwa mara moja kwa sababu jana alilala vizuri, unaharibu.

Nusu saa kabla ya kulala ifanane kila siku hadi ichoshe: maji, nguo za kulalia, mswaki, vitabu 2 (sema ni 2 kabla hamjaanza, si baada ya cha pili), wimbo mmoja, taa. Runinga na simu zizimwe saa nzima kabla. Taa ya usiku iwe hafifu, ya rangi ya chungwa au nyekundu, chini karibu na sakafu. Taa nyeupe ukutani inatupa vivuli, na kwenye chumba kigeni kivuli ni mtu.

Shuka na blanketi walivyokuja navyo usivifue wiki hizi za kwanza kama havijachafuka. Harufu ya walikotoka ndiyo kitu pekee ambacho huwezi kuwanunulia huku.

Mdogo. Usingizi wa mtoto unakwenda kwa mizunguko, na kila mzunguko ukiisha anafunguka macho kidogo kabla ya kuzama tena. Akilala ziwani sebuleni halafu akafungua macho kwenye chumba kigeni, gizani, peke yake, analia, na ana haki. Hata mtu mzima akilala kitandani akaamkia jikoni atapiga kelele. Kwa hiyo mnyonyeshe chumbani mle mle anamolala, taa hafifu ikiwa imewaka, na umlaze kitandani akiwa amelegea lakini macho hayajafunga kabisa. Mara ya kwanza atalia. Weka mkono kifuani, mwimbie wimbo uleule, asipotulia mbebe, akitulia mlaze tena. Inaweza kuchukua mara 10 usiku wa kwanza.

Ule usingizi wake wa jioni usipite saa 10, yaani uanze saa 8:30 au 9. Miezi 14 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa jumla, na kati ya kuamka usingizi wa mwisho wa mchana na kulala usiku ziwepo saa 3 na nusu hadi 4. Ukizisogeza hizo, kulala saa 1:30 au 2 usiku inakuwa rahisi.

Kibogoyo:
Nakubaliana na hesabu yote. Ninaongeza pale alipoishia: ukishazima taa, mkubwa akikuita je?

Wengi wanashauri kuketi kwenye kiti: siku 3 kando ya kitanda, siku 3 katikati ya chumba, siku 3 mlangoni, kisha nje mlango ukiwa wazi. Inafanya kazi kama mzazi anaweza kukaa kama gogo, bila simu, bila kujibu maswali, bila kumtazama usoni. Kwa mtoto wa miaka 3 na nusu mwenye maneno mengi mara nyingi kiti kinageuka jukwaa, na pale chumba ni cha watoto wawili gumzo linamwamsha mwenzake.

Kwa umri huo bora kwenda na kurudi. Mwambie, "Naenda kukunja nguo, narudi kukuangalia," na urudi kweli baada ya dakika 1, kabla hajaita. Mguse, usiseme kitu, toka. Kisha dakika 2, 4, 7. Siri yote iko kwenye kurudi kabla hajalia, ili ajifunze kuwa kunyamaza ndiko kunakoleta mtu. Ukisubiri alie ndipo uje, unamfundisha kinyume.

Kwa maombi ya maji, kukojoa, busu, mpe vikadi 2 vya karatasi kila usiku. Kila ombi moja linalipwa kwa kadi moja, unalitimiza bila kununa, kadi inabaki kwako. Kadi zikiisha, unamrudisha kitandani kimya. Akiamka nayo mkononi asubuhi, anapata haki ya kuchagua mchezo wa kwanza wa siku. Kosa la kawaida: kumpa ya tatu "ya leo tu". Na kukojoa kwa kweli kusihesabiwe kadi kwa mtoto ambaye sasa anajikojolea. Hilo aachiwe bure.

Kitu kimoja zaidi, usitoroke. Wala kwa mdogo mchana. Ukichomoka chooni akiwa amegeuka, ataanza kukulinda kwa macho siku nzima. Kuogopa kuachwa kunapanda sana kati ya miezi 10 na 18 hata bila kuhama. Sema "kwaheri, mama anarudi", maneno yaleyale, nenda sekunde 30, rudi. Mara nyingi kwa siku, muda mfupi mfupi, ukimwongelesha kutoka ulipo.

Nesi Mstaafu:
La mkojo. Mtoto aliyekuwa mkavu miezi 8 akarudi nyuma baada ya kuhama, mara nyingi ni uhamisho wenyewe, na kwa kawaida hutulia baada ya wiki chache. Lakini ondoa kwanza mambo matatu ndipo uite ni tabia.

La kwanza ni choo kigumu. Utumbo wa mwisho ukijaa unabana kibofu, kinashindwa kushika. Dalili si lazima akose choo kabisa. Anaweza kupata kila siku na bado amejaa: choo kikubwa kigumu, kujibana akisimama kwa vidole, madoa kwenye chupi. Watoto wengi wanaohama wanabana choo kwa sababu hawakipendi choo kipya. La pili ni maambukizi ya njia ya mkojo: maumivu, mkojo wenye harufu kali, damu, homa, kukimbilia chooni kila mara na kutoa matone. Apimwe mkojo. La tatu ni nadra lakini halisubiri: akinywa maji kupita kawaida, akikojoa sana, akipungua uzito au akilegea, apimwe sukari ya damu siku hiyohiyo. Kisukari cha utotoni mara nyingi hujitangaza kwa mtoto mkavu kuanza kulowa tena.

Kama hayo hayapo, kikague choo kwa urefu wa macho yake. Miguu ikining'inia, misuli ya chini hailegei na mkojo hautoki wote. Weka kibao cha kukanyagia hadi magoti yawe juu kidogo ya nyonga. Maji yanapovutwa yanaunguruma, basi yavutwe akishatoka. Ujia ukiwa giza, taa iwake usiku kucha. Au rudisha poti ile ya zamani, iwekwe chumbani. Hakuna aibu.

Usimuulize "unataka kukojoa?" Jibu la umri huo ni hapana. Sema "poti kwanza, halafu nje." Akae kwenye poti: anapoamka, dakika 20 hadi 30 baada ya kula (tumbo likijaa utumbo husukuma, ndiyo nafasi nzuri ya haja kubwa), kabla ya kutoka, kabla ya kulala. Dakika 5, basi, ainuke hata kama hakuna kitu. Usimpunguzie maji ya kunywa mchana: mkojo mzito unachokoza kibofu na choo kinazidi kuwa kigumu.

Akilowa: "umelowa, tubadili nguo", yeye mwenyewe aweke chupi kwenye ndoo. Usimwaibishe mbele ya mdogo wake, wala usimpe nepi kama adhabu. Usiku ni habari nyingine. Kulowa usiku chini ya miaka 5 hakuhesabiwi ugonjwa, mvalishe nepi ulale.

Na jambo moja ambalo si la kusubiri wiki chache: mtoto yeyote akipoteza maneno aliyokuwa akiyasema, au ujuzi kama kutembea, hilo si la kuhama. Apelekwe kwa daktari.

Randa na Nyundo:
Wote mmeongelea usingizi na mkojo, hakuna aliyegusa ngazi na hita. Mama, kwa mtoto wa miezi 14 hivyo viwili vinatangulia kitanda. Kabla ya yote, piga magoti utambae vyumba vyote. Utaona vitu ambavyo ukisimama huvioni.

Geti la juu ya ngazi lifungwe kwa skrubu ukutani, na lifunguke kuelekea ujiani, si kuelekea ngazini. Yale yanayojibana kwa msukumo wa pande mbili usiyaweke juu ya ngazi hata kidogo. Mtoto akiliegemea linaweza kuchomoka, na mengi yana chuma cha kuvuka chini ambacho mtu mzima anajikwaa nacho akiwa amebeba mtoto. Yafaa chini ya ngazi au mlango wa jikoni. Likiwa fupi kuliko robo tatu ya urefu wa mtoto, limeshapitwa na umri wake. Fito za reli ya ngazi zikiachana zaidi ya sentimita 10, funika kwa wavu mgumu au ubao: mwili hupita, kichwa hukwama.

Maji ya moto: fungua bomba la moto dakika 3, pima kwa kipimajoto. Yakizidi 49, teremsha. Kwenye nyuzi 60 sekunde kama 5 zinatosha kuunguza vibaya ngozi ya mtu mzima, na ya mtoto ni nyembamba zaidi. Lakini hita ya tangi ikiwekwa chini sana bakteria huzaliana ndani, ndiyo maana mafundi huiacha 60. Suluhisho ni kufunga vali ya kuchanganya maji kabla ya bomba la bafuni, kazi ya fundi bomba. Kwenye beseni anza na maji baridi, ongeza moto, malizia na baridi ili mdomo wa bomba upoe. Ya kuogea yawe 37 au 38. Na ndoo isiachwe na maji hata ya sentimita 5.

Sasa kabati. Samani zote ndefu kuliko upana wake, na kila kabati la droo, zifungwe ukutani. Mtoto huvuta droo 3 na kuzifanya ngazi, uzito unahamia mbele, kabati linakuja naye. Weka pembe za chuma mbili, moja kila upande. Ukuta wa tofali au zege: toboa tundu la milimita 6, kina cha 50, pulizia vumbi nje, ingiza plastiki yake ya milimita 6, kisha skrubu ya 4.5 kwa 50. Kosa ninaloliona kila mara: skrubu inapigwa kwenye ubao mwembamba wa mgongo wa kabati. Ule unang'oka kama karatasi. Ipite kwenye mbao nene ya juu au ubavuni. Tundu likiwa pana na plastiki inazunguka, usijaze njiti za kiberiti, toboa jipya sentimita 5 pembeni. Ukuta wa ubao wenye uwazi ndani: gonga hadi sauti iwe nzito, hapo ndipo pana mhimili, piga hapo.

Kamba za mapazia zisiwe na kitanzi na zisifikiwe kutoka kitandani. Kitanda chochote kikae mbali na dirisha. Na fungua kila rimoti uliyoikuta ndani ya nyumba: betri ndogo za duara kama kifungo zikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Akimeza, ni hospitali moja kwa moja, msisubiri dalili, msimtapishe.

MamaKadogo:
Asanteni sana. Skrubu ya kabati kweli imepigwa mgongoni, nimeenda kuangalia. Swali la mwisho: chumba kimoja watu wawili, nani alale kwanza? Wakilala pamoja mmoja anamchokoza mwenzake.

Mlezi wa Zamu:
Mdogo kwanza. Alale 1:30 au 2, mkubwa afanyiwe vitabu vyake sebuleni, aingie chumbani saa yake ya kulala ikifika, angalau dakika 45 baadaye, akiwa tayari kwa kulala, ashike tochi ndogo aelekezee sakafuni. Hiyo kazi ya tochi inamnyamazisha kuliko "shhh" 20. Feni au sauti tulivu isiyokatika inasaidia kufunika mikwaruzo, iwe mita 2 au zaidi kutoka vitandani na sauti ya chini.

Mdogo akilia usiku, usimkimbilie kumtoa ili mkubwa asiamke. Watoto wanaolala pamoja huzoea kelele za mwenzao haraka kuliko tunavyodhani. Ukimtoa kila mara, amejifunza kuwa akilia anahama chumba.

Na vitu vya kuchezea vidogo vya mkubwa visilale humo. Chukua kiini cha karatasi ya chooni, kile cha duara: chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba wa miezi 14.

Randa na Nyundo:
Mama, usisahau kuziba yale matundu ya skrubu utakazong'oa mgongoni mwa kabati. Vidole vya mdogo vitayaona kabla yako.